Nguo za Baridi na Matembezi ya Jamaa

Sisi watu wa mwambao twaijua baridi kwa jina zaidi kuliko tunavyoijua kwa mwili. Kipupwe kikiingia, na upepo wa kusi ukivuma katika miezi ya Juni na Julai, wazee wetu hutoa masweta sandukuni na watoto hukataa kuoga asubuhi. Na hiyo ndiyo baridi tuliyolelewa nayo. Basi mwenzetu ahamiaye Ulaya ya kaskazini hufika huko na elimu hiyo hiyo, akadhani kuwa yamtosha. Hununua koti moja zito, akalivaa juu ya shati lake la pamba na viatu vyake vya siku zote, kisha akastaajabu kwamba koti amevaa na bado anatetemeka.

Jambo hili laonekana dogo, wala tusingeliandika lau lingekuwa la mtu mmoja na mwili wake. Lakini mkubwa hujivika mwenyewe kwa matakwa yake, na mtoto na mzee huvikwa naye. Baridi atakayoipata mtoto njiani ni hesabu ya yule aliyemtoa nyumbani.

Sisi twakaa Copenhagen, mji mkuu wa Denmaki. Katikati ya mji huo, karibu na stesheni kuu ya gari moshi, ipo bustani ya michezo iitwayo Tivoli, iliyofunguliwa tarehe 15 Agosti 1843. Ndani yake mna pembea za kuzunguka, ziwa dogo, taa kwa maelfu, na gari la reli ya mbao lililojengwa mwaka 1914, lipandalo na kushuka vilima vya kutengenezwa, ambalo mpaka leo huenda na mshika breki wake aliyekaa humo pamoja na abiria. Walt Disney aliizuru bustani hiyo mwaka 1951, naye hakufungua ya kwake kule California ila mwaka 1955. Zamani Tivoli ilikuwa ya siku za joto tu. Sasa hufunguliwa pia wakati wa baridi, na miaka ya karibuni hata katika mwezi wa Februari, wakati skuli za mji zinapofunga juma moja kwa likizo ya baridi.

Katika likizo moja ya namna hiyo, miaka michache nyuma, Mama yetu alikuwa amekuja kutoka Unguja kutuzuru, na umri wake ulikwisha kupita miaka sabini. Watoto wakamwambia, "Bibi, twende sote." Naye akawajibu, "Nendeni nyinyi, wajukuu wangu. Baridi hii mimi itanimaliza. Mtanihadithia mkirudi." Watoto wakasema kwamba Bibi asipokwenda, na wao hawaendi. Sote tulijua, ingawa hapana aliyetamka, kuwa safari ya mbali kama ile, kwa mtu wa umri wake, haina ahadi ya kurudiwa. Kumwacha nyumbani ni kumtenga na wajukuu aliowafuata. Kumtoa bila ya kumvika inavyopasa ni kumdhuru. Ikawa ni juu yetu kumvika.

Kwanza yataka kujua baridi hufanya kazi yake namna gani. Katika Februari joto la mchana la Copenhagen huwa nyuzi chache tu juu ya sifuri, na usiku mara nyingi hushuka chini yake. Lakini nambari hiyo peke yake haisemi kweli yote, kwani mji uko kando ya bahari, na upepo huipeperusha ile hewa ya moto inayouzunguka mwili. Hewa ikiwa nyuzi sifuri na upepo ukienda kilomita 20 kwa saa, mwili huhisi kama ni nyuzi 5 chini ya sifuri. Ukienda kilomita 40, huhisi kama ni nyuzi 7 chini. Tena katika bustani ya michezo kazi iliyo kubwa si kucheza, ni kusimama kungoja zamu. Mtu atembeaye hujipasha moto kwa mwendo wake. Asimamaye hupotewa na joto, na sehemu yake hutoka nyayoni ikaingia katika mawe ya baridi. Kwa hiyo nguo zitoshazo kwenda nazo sokoni na kurudi hazitoshi kwa matembezi ya kutwa.

La pili ni kwamba nguo haina joto lake yenyewe. Joto ni la mwili, na kinacholihifadhi ni hewa iliyotulia baina ya nguo na nguo. Ndiyo maana nguo tatu za wastani hulishinda koti moja zito. Ya kwanza, igusayo ngozi, iwe ya sufu nyembamba au ya nyuzi za kutengenezwa. Pamba tuliyoizoea haifai mahali hapo, kwa kuwa hunywa jasho ikakaa nalo, na jasho likipoa humpoza mwenyewe. Ya pili iwe sweta la sufu. Ya tatu iwe koti lisilopitisha upepo wala mvua. Sura ya Nahli yataja joto miongoni mwa manufaa tuyapatayo kwa wanyama, na mtu hajui kadiri ya neema hiyo mpaka asimame katika upepo wa Februari na sufu mwilini.

Mama alikubali kila tulichompa, hata tulipofika kwenye suruali ya sufu. Hapo akasita. Tangu kuzaliwa kwake hajapata kuvaa suruali, wala hakutaka kuanza uzeeni katika nchi ya watu. Tukamweleza kuwa hiyo ni nguo ya ndani, na juu yake litakuja gauni lake refu, hapana atakayeiona. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Haya. Lakini nipeni na kanga yangu." Akajifunga kanga kiunoni juu ya sweta, chini ya koti. Kanga ile kwa hakika ilikuwa nguo ya nne: haikugusa jasho, na ilihifadhi hewa kama wenzake. Mzee hulipokea jipya kwa wepesi zaidi akiachiwa na la kwake la zamani.

Miguu ina hukumu yake peke yake. Viatu viwe na nyayo nene, na nafasi ya vidole kuchezacheza. Anayevaa soksi mbili katika kiatu kinachobana huikaza damu, na mguu usiopata damu haupati moto. Tena sisi tuna jambo la udhu. Katikati ya Februari adhuhuri ya huku huingia kiasi cha saa sita na nusu mchana, alasiri kabla ya saa tisa, na jua huchwa saa kumi na moja na dakika chache. Kwa hiyo matembezi ya mchana mmoja huweza kukusanya sala tatu. Kila mara kuvua soksi, kuosha miguu, kisha kuirudisha mibichi ndani ya kiatu, kwa mzee ni mashaka makubwa. Sharia imetuwekea rukhsa ya kupangusa juu ya khofu mbili: mwenye kuzivaa akiwa na udhu kamili, nazo zimefunika mguu mpaka vifundoni, hupangusa mchana na usiku wake akiwa mkaazi, na siku tatu na usiku zake akiwa msafiri. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu twaifuata, soksi nyembamba za kawaida hazimo katika rukhsa hiyo. Hutakiwa kitu imara cha kuweza kutembelewa, kisichopenyeza maji. Basi tulimnunulia Mama khofu za ngozi, zilizoweza kupokea soksi ya sufu ndani yake, na viatu vya kuzipokea khofu zenyewe.

Ama kichwa, wengi husema kwamba nusu ya joto la mwili hutokea huko. Si kweli. Kichwa cha mtu mzima hutoa joto kwa kadiri ya ukubwa wake, yaani kiasi cha sehemu moja katika kumi. Lakini masikio huumia upesi, kwa hiyo wanawake wetu huvaa kofia nyembamba ya sufu chini ya mtandio. Skafu na mitandio yote ichomekwe ndani ya koti, ncha isiachwe ikining'inia, kwani chombo kinachozunguka chaweza kuinasa ikamkaba mtu. Watoto nao wapewe glavu za vidole vinne kukaa pamoja na gumba peke yake, maana vidole hupashana moto. Na ichukuliwe jozi ya pili mkobani.

Siku hiyo tukatoka, na Mama akaketi juu ya farasi wa mbao wanaozunguka, mjukuu mbele yake na mjukuu nyuma yake. Baadaye tukasimama katika foleni ndefu. Mdogo wetu, wa miaka minne, alikuwa akizihesabu taa kwa sauti. Mara akaacha kuhesabu. Mama ndiye aliyetambua. "Huyu kanyamaza," akasema. "Mtazameni mikono." Glavu moja ilikuwa imelowa kwa kushika vyuma vya foleni. Tukatoka, ijapokuwa mbele yetu walibaki watu sita tu, tukaingia mkahawani. Tukamvua koti lile asije akatoka jasho ndani, tukambadilisha glavu, tukampa maziwa ya moto na lozi zilizokaangwa kwa sukari. Kaka yake akanung'unika kwa ile zamu iliyopotea. Mama akamwambia, "Zamu hurudi, mjukuu wangu. Kidole hakioti."

Hili ndilo tupendalo wazazi walishike. Mtoto anayelalamika baridi amekwisha kukupa habari yake. Anayenyamaza ndiye wa kuangaliwa. Mtoto au mzee akitetemeka, mikono ikawa mizito, aingizwe mahali pa moto, avuliwe kilicholowa na kupewa kikavu. Akianza kusinzia, au maneno yakamvurugika, au mtetemeko ukakoma na hali mwili ni baridi bado, hiyo ni dalili kwamba joto la ndani laweza kuwa limeshuka chini ya nyuzi 35, na daktari aitwe mara moja.

Twajua kuwa wengine watauliza fedha zitoke wapi, kwani tikiti za jamaa nzima si haba. Katika miji ya huku yapo maduka ya nguo zilizovaliwa, mfano wa mitumba ya kwetu, na sweta la sufu lililokwisha kuvaliwa, likiwa zima na safi, halipungui joto. Nguo nyingi za watoto wetu ni za huko. Na mfuko usipotosha kwa yote mawili, zinunuliwe nguo kwanza na tikiti zingoje. Bustani iliyokaa mahali pake tangu mwaka 1843 haitahama kabla ya mwakani.

Nanyi vijana mnaowakaribisha wazazi wenu katika nchi hizi, jueni kwamba mzee akisema "nendeni nyinyi" huenda hasemi kuwa hataki. Huenda asema kuwa hana cha kuvaa, na haya yamzuia kuomba. Basi kabla hamjamuuliza kama atatoka, tazameni miguuni mwake, na mumletee kinachopungua pasipo kungoja aseme. Na taufiki iko kwa Mwenyezi Mungu.