Siku Moja Temeke

Mtu arudiye kutoka nchi ya watu huulizwa ameona nini. Wengi waendao Dar es Salaam husimulia majumba marefu, daraja la Kigamboni lililofunguliwa mwaka 2016, na pantoni zivushazo watu bandarini. Hayo nasi tuliyaona, ila kwa haraka. Tulichokitazama sana ni kazi ya siku moja ya mwenyeji wetu.

Sisi ni watu wa Taita, katika Kenya. Likizo ya Agosti tulivuka mpaka hapo Holili, tukafikia Temeke, nyumbani kwa mama wa mwalimu mwenzetu. Mama huyu ni mjane, na kazi yake ni kukaanga samaki na kuwauza. Wanawake wa kazi hiyo huko huitwa mama karanga. Usiku wa pili akatuambia, "Kesho siendi sokoni, mwalimu, nitakutembeza mjini." Tukafikiri moyoni: mtu alaye mapato ya kila siku, ukimwondolea siku moja umemwondolea chakula. Tukamjibu, "La, Mama, tutembeze kazini kwako." Akacheka, akatupa ndoo.

Saa kumi za alfajiri tulikuwa katika daladala pamoja na wachuuzi wengine, tukashuka soko la samaki la Feri, Magogoni. Mwezi ulikuwa mpevu. Sisi watu wa milimani twafurahia mbalamwezi, bali mvuvi wa pwani haipendi. Maana vibua na dagaa huvutwa na taa za wavuvi usiku wa giza, na mwezi ukiwaka taa hazina nguvu. Tena kusi ilikuwa ikivuma. Basi samaki walikuwa haba, na kila mnadi alipopaza bei watu walitazamana. Mama alisimama kimya, fedha yake imefungwa katika pindo la khanga, nayo ndiyo mtaji wote. Mara mbili bei ilimshinda. Tukaanza kuogopa kwa ajili yake, kwa kuwa wateja wake hawangojei mwezi uandame. Mwisho akaungana na wanawake wawili, wakanunua tenga moja la tasi, wakagawana kwa kuhesabu samaki mmoja mmoja, pasipo ugomvi.

Wapo vijana sokoni wapasuao samaki kwa ujira. Mama hakuwaita, siku ile kila senti ilikuwa na kazi. Tukaketi tukapasua wenyewe. Tasi ana miiba katika mapezi, nayo ikikuchoma huuma saa nyingi. Mama alitufundisha kumshika kuanzia kichwani, lakini vidole vyetu havikufahamu upesi.

(Jambo moja lilitupendeza: hata penye kelele zile kijana hakumpita mzee bila shikamoo. Laiti watoto wa shuleni kwetu wangesikia!)

Tuliporudi Temeke tuliwasha mkaa, tukawachanja samaki, tukawatia chumvi, Mama akawakaanga katika karai kubwa. Adhuhuri tulikuwa tumekwisha kujitwika tukaenda Tandika. Wateja wakalalamika, "Mama, leo samaki wadogo na bei kubwa!" Yeye akawajibu kwa upole kwamba mwezi ndio umepandisha bei, si yeye. Fundi mmoja aliuliza kama sisi ni kibarua wake mpya. Akasema, "Ni mwalimu kutoka Kenya, leo ni mwanafunzi." Hadi magharibi walisalia samaki wanne, ndio tuliowala kwa ugali.

Baada ya kula akahesabu. Kwanza alitenga mtaji, kisha mafuta, mkaa na nauli. Kilichobaki kilitosha unga wa kesho na sukari robo. Tulitaka kumpa fedha kidogo, akakataa kwa maneno makali kuliko tulivyotazamia, akasema hauzi ugeni. Basi tukanunua sukari dukani, hiyo akaipokea. Akaufunga mtaji katika pindo la khanga, akauliza kama vidole vyauma bado, akatuaga akalale, maana saa kumi ilikuwa karibu.