Hukwe Zawose na Urithi wa Wagogo

Wapo wasemao kwamba marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefariki dunia mwaka 2003, hakubuni jipya: ilimba na zeze aliwakuta nazo wazee wake katika nyanda kame za Dodoma, na zile sauti zipandanazo ni mali ya jamii nzima. Hoja hiyo ina ukweli, ila haukutimia.

Watu wa pwani wanalijua hilo. Siti binti Saad aliipokea taarabu iliyotoka Misri, akaiimba kwa Kiswahili, wala hakuna amwitaye mwigaji. Kurithi si wizi. Wizi ni kulificha jina la aliyekupa. Bendi ya Led Zeppelin ya Uingereza ilisifiwa dunia nzima, ilhali Willie Dixon, mtunzi mweusi wa Marekani, ilimbidi aende mahakamani kudai haki ya utunzi wake, hata shauri likamalizwa kwa suluhu mwaka 1987.

Zawose aliupeleka muziki wa Kigogo ughaibuni kwa jina lake. Katika albamu ya Assembly ya mwaka 2002, ilimba ilikaa bega kwa bega na gitaa la Michael Brook wa Kanada, isimezwe.

Kisha mwaka 2024 bintiye Pendo na mjukuu wake Leah, waliozoea kuwa waitikiaji, wakatoa Maisha wakiwa The Zawose Queens. Kasuku hana wa kumrithi. Msanii hupimwa kwa alichoongeza, na kwa wale aliowaachia pa kuongeza.