Wimbo wa Uhura na Daftari la Bibi

Msikiti wetu hapa Boko ulipokea sanduku la vitabu kutoka kwa Muislamu mmoja aliyerejea nyumbani baada ya kuishi Marekani kwa miaka mingi. Vingi vilikuwa vya hesabu na sayansi, nasi tulimshukuru Mwenyezi Mungu, kwani vijana wetu wa madrasa wana kiu ya kusoma. Chini kabisa ya sanduku kilikuwamo kitabu chenye jalada laini kiitwacho Uhura's Song, yaani Wimbo wa Uhura, kilichoandikwa na Janet Kagan na kutolewa mwaka 1985. Mzee mmoja wa kamati alipoelezwa kuwa ni hadithi ya chombo kinachosafiri baina ya nyota, na ya viumbe mfano wa paka wanaosema na kuimba, alitoa rai kwamba kichomwe moto. Mwingine akasema kisomwe kwanza. Kwa kuwa mimi ndiye katibu, niliagizwa nikisome na kuleta taarifa.

Nakiri kwamba nilikifungua nikiwa na hukumu tayari moyoni. Kilichonifanya nitulie ni jina lile, Uhura.

Ndugu msomaji, kitabu hiki kimetokana na mchezo wa televisheni uitwao Star Trek, ulioanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1966. Mtunzi wake, Gene Roddenberry, alipakia katika chombo kimoja watu ambao wakati ule hawakuzoea kuketi pamoja. Alikuwamo Sulu mwenye asili ya Asia, Scott wa Uskoti na Spock ambaye baba yake si mwanadamu. Baadaye akaongezwa Chekov, Mrusi, ilhali Marekani na Urusi zilikuwa mahasimu. Msimamizi wa mawasiliano alikuwa binti wa Kiafrika ajuaye Kiswahili, naye ndiye Uhura.

Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alisimulia kwamba siku ya kujaribiwa alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, na kwamba jina la binti huyo lilitokana na neno hilo, likageuzwa herufi ya mwisho. Ilikuwa miaka michache tu tangu Tanganyika ijitawale, mwaka 1961, na Kenya, mwaka 1963. Alisimulia pia kwamba alipotaka kuacha kazi hiyo, Dk. Martin Luther King alimsihi abaki, kwa sababu watu weusi walikuwa wakijiona katika yeye.

Aliyesoma Kiarabu atatambua zaidi. Neno letu huru limetokana na hurr, lenye maana ya asiye mtumwa. Wazee wetu wa pwani wakalivika kiambishi cha kwao likawa uhuru, kisha likavuka bahari na kupewa binti wa kubuniwa aliye katikati ya nyota. Nilipowatafakari wasafiri wale niliikumbuka Suratul Hujurat, aya ya 13, inayotufunza kwamba Mola wetu alitujaalia mataifa na makabila ili tujuane. Sisemi kwamba waandishi wale waliikusudia aya hiyo. Nasema kwamba Muislamu hapaswi kushangaa anapoona watu wa rangi mbalimbali wakishika kazi moja, kwani safu zetu za swala zilitangulia kulifundisha hilo.

Hata hivyo, kilichonigusa zaidi ni kisa chenyewe. Miaka ya nyuma Uhura alifanya urafiki na mjumbe wa watu wale wa mfano wa paka. Wakabadilishana nyimbo na kuahidiana kuficha siri. Baadaye maradhi mabaya yakawaangukia watu wa yule rafiki, yakaanza kuua hata wanadamu, na tiba haikujulikana. Ilibainika kwamba njia ya kuwafikia jamaa zao wa asili, ambako tiba ingeweza kupatikana, ilifichika katika nyimbo za kale ambazo Uhura alikuwa amezihifadhi. Wenyewe hawakupenda habari za asili yao zitajwe. Mgeni ndiye aliyekuwa ameweka amana yao.

Nilikifunga kitabu nikabaki kimya, kwa sababu nilikumbuka jambo ambalo sijapata kulisema msikitini.

Bibi yangu mzaa baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na daftari aliloliandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Ndani yake mlikuwa na dua, kasida na nyimbo za kubembelezea watoto. Wimbo mmoja ulitaja vijiji ambavyo wazee wetu walipita kabla ya kufika Bagamoyo, visima walivyochimba na makaburi waliyoyaacha njiani. Bibi alipofariki nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, shahada ikiwa mpya na ulimi ukiwa mkali. Nilisoma kurasa chache, nikakuta maneno niliyoyaona kuwa ni bidaa, nikaamua daftari lichomwe. Baba aliniuliza, "Umelisoma lote, mwanangu?" Nikamjibu kwamba kurasa zile zilitosha. Hakunibishia. Alikaa akitazama moto mpaka ukazimika.

Sasa nilikuwa nimeombwa na kamati kuhukumu kitabu kingine, na mzee wangu alikuwa ametoa rai ileile niliyoitoa mimi siku ile.

Siku ya pili yake nilipanda basi kwenda Bagamoyo kwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Nilimweleza haja yangu, nikaweka simu mbele yake ili irekodi. Aliimba beti tatu kwa sauti iliyonirudisha utotoni. Akafika penye jina la kijiji cha nne, akasita. Akarudia tangu mwanzo, akasita palepale. Akanishika mkono akasema, "Mwanangu, hapo palikuwa pameandikwa katika daftari la mama." Hakujua ni nani aliyelichoma, na mimi nikamwambia. Shangazi alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi andika haya yaliyobaki."

Mtume (s.a.w.) alituhimiza tujifunze nasaba zetu ili tuunge udugu wetu. Katika kijiji kile cha nne huenda wapo jamaa zetu ambao watoto wangu hawatawajua kamwe, na aliyeikata njia hiyo ni mimi, kwa jina la dini, pasipo kusoma mpaka mwisho.

Katika taarifa yangu niliieleza kamati kwamba kitabu ni cha kubuni, kwamba yamo yasiyoafiki itikadi yetu, na kwamba kinafaa kuwekwa kwa ajili ya wanafunzi wakubwa chini ya uangalizi wa mwalimu. Yule mzee alipouliza tena habari za paka, nilimkumbusha kwamba sahaba aliyetupokelea hadithi nyingi kuliko wote, Abu Hurayra, alijulikana kwa lakabu ya baba wa kipaka. Akacheka, na kitabu kikabaki. Habari ya daftari nayo niliisema mbele yao siku hiyohiyo.

Enyi wazazi wenzangu, sisemi kwamba kila wimbo ni mwema au kila kitabu kinafaa watoto. Yaliyo makosa yabainishwe kwa elimu. Lakini kabla hamjatupa sanduku la marehemu, soma ukurasa wa mwisho kama ulivyosoma wa kwanza, na kama huzijui herufi, mwite anayezijua. Na ikiwa nyumbani kwenu yupo bibi anayeimba, keti naye wiki hii.

Shangazi bado anajaribu kulikumbuka jina lile. Kila Ijumaa baada ya swala nampigia simu. Wabillahi tawfiq.