Chicago: Tulivyoufuata muziki wa hausi hadi mlangoni

UKIBAHATIKA siku moja kufika Chicago, Marekani, wenyeji watakuhimiza upande ghorofa ndefu uutazame mji ukiwa juu, kisha uteremke ufuoni mwa Ziwa Michigan upunge upepo. Fanya hivyo. Lakini ukimaliza, tenga siku moja ufuate njia tuliyoifuata mimi na binamu yangu. Hutajuta.

Binamu yangu ni DJ. Siku za kazi huendesha lori la mizigo, na Jumamosi usiku hucheza santuri kwenye sherehe za watu. Nilipokuwa nikiondoka Nairobi, babake, yaani mjomba wangu, alinipa pakiti mbili za majani chai na ujumbe mmoja mfupi: "Muulize hizo sahani zake zinaliwa?" Majani chai niliyakabidhi siku ile ile niliyofika. Ujumbe ulinikwama kooni.

Asubuhi iliyofuata aliketi zuliani akatoa sandukuni santuri chache anazozipenda kuliko zote, akazipanga mbele yangu kama karata. Kila moja, aliniambia, ina mahali pake katika mji huu. Nikavaa viatu vya kutembelea, tukatoka.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Barabara ya 35, upande wa kusini, ambako treni ya Laini Nyekundu hukushusha karibu na uwanja wa besiboli. Hapo kando pana maegesho ya magari, na katikati yake pamewekwa alama ya marumaru. Usiipite tu. Hapo ndipo uliposimama uwanja wa zamani wa Comiskey Park, uliobomolewa mwaka wa 1991.

Usiku wa Julai 12, 1979, mtangazaji wa redio Steve Dahl aliwaalika mashabiki walete santuri za disko zilipuliwe kati ya mechi mbili. Aliyeleta santuri aliingia kwa senti 98 pekee. Walifika watu wapatao 50,000. Sanduku la santuri lilipolipuliwa, maelfu waliruka uzio wakavamia uwanja, polisi wakaitwa, na mechi ya pili haikuchezwa. Timu ya nyumbani, White Sox, ikahesabiwa kuwa imeshindwa mechi hiyo.

Miongoni mwa vijana waliokuwa wakiwaonyesha watu viti vyao usiku huo alikuwa mvulana mweusi aitwaye Vince Lawrence, aliyekuwa akidunduliza pesa anunue kinanda cha umeme. Baadaye alisimulia kwamba santuri nyingi alizoona zikiletwa hazikuwa za disko hata kidogo; zilikuwa tu za wanamuziki weusi. Kinanda alikipata. Mwaka wa 1984, yeye na Jesse Saunders walitoa santuri iitwayo "On and On", ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya muziki wa hausi kuuzwa madukani. Hiyo ndiyo santuri ya kwanza katika sanduku la binamu yangu. Ngoma yake haikupigwa na mkono wa mtu, bali na mashine.

Kutoka hapo tulirudi katikati ya mji, tukapanda treni ya Laini ya Buluu hadi kituo cha Clinton. Ukishuka, ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu hadi nambari 206, Barabara ya South Jefferson. Usitarajie makubwa. Ni jengo la ghorofa chache, la kawaida kabisa, ambalo ungelipita bila kugeuza shingo. Lakini mwaka wa 1977 lilifunguliwa kama klabu iliyoitwa Warehouse, yaani ghala, na mwenyewe, Robert Williams, akamwita kutoka New York kijana aliyeitwa Frankie Knuckles aje kucheza santuri.

Pombe haikuuzwa humo. Watu walikunywa sharubati na maji, wakacheza hadi jua likawakuta. Wengi wao walikuwa vijana weusi na wa asili ya Amerika ya Kusini, na wengi walikuwa mashoga ambao klabu nyingine ziliwafungia milango. Knuckles alichukua nyimbo za disko zilizokwisha kuzikwa na wenye redio, akazirefusha, akaunganisha moja na nyingine, akaongeza ngoma ya mashine. Watu wakaanza kwenda madukani kuulizia muziki wa kule Warehouse. Jina likafupishwa, ikabaki "hausi".

Barabara iliyo mbele ya jengo hilo ilipewa jina la Knuckles mwaka wa 2004. Alifariki Machi 31, 2014, akiwa na umri wa miaka 59, na miongoni mwa waliotuma rambirambi ni Rais Barack Obama, yule ambaye nyanyake tulimjua sote kule Kogelo, pamoja na mkewe Michelle. Jengo lenyewe nusura litutoke. Mwaka wa 2023 watetezi wa majengo ya kale waliliweka katika orodha ya yale yaliyo hatarini, maelfu ya watu wakatia sahihi, na mnamo Juni mwaka huo baraza la mji likalitangaza kuwa turathi. Sasa haliwezi kubomolewa hivi hivi.

Tukiwa tumesimama kando ya barabara hiyo, binamu alinieleza habari za santuri nyingine. "Move Your Body" ya mwaka wa 1986 ni ya Marshall Jefferson, ambaye alikuwa akifanya kazi posta huku akitunga muziki. Jambo la posta alilirudia mara mbili, nami nikaelewa kwa nini: dereva wa lori akijifariji.

"Acid Tracks" ya kundi la Phuture ilitoka mwaka wa 1987, na hadithi yake itawafurahisha wanafunzi wanaopenda kufungua redio kuona kilichomo ndani. Kampuni ya Roland ya Japani ilikuwa imeunda mashine ndogo iitwayo TB-303, ili mpiga gita anayefanya mazoezi peke yake apate mtu wa kumpigia besi. Haikufanana na besi halisi, wanunuzi wakaikataa, na kampuni ikaacha kuiunda mwaka wa 1984. Vijana wa Phuture waliipata moja iliyokwisha kutumika, wakazungusha vitufe vyake ovyo huku inacheza, ikalia kama kitu kinachokaangwa. Walimpelekea DJ Ron Hardy wa klabu ya Music Box. Inasimuliwa kwamba aliicheza mara nne usiku mmoja. Mara ya kwanza watu walitoka uwanjani. Mara ya nne walikuwa wakirukaruka kama waliopandwa na pepo. Mashine iliyokataliwa leo inatafutwa kwa bei ghali.

Je, muziki huu umezeeka? Hapana. Santuri mbili mpya zaidi katika sanduku lile ni "Subconsciously" ya Black Coffee wa Afrika Kusini, iliyotwaa tuzo ya Grammy mwaka wa 2022, na "Renaissance" ya Beyoncé, iliyotoka mwaka huo na kutwaa tuzo kama hiyo mwaka wa 2023. Katika albamu hiyo ya Beyoncé alishiriki Honey Dijon, DJ aliyezaliwa papa hapa Chicago. Na ukifika mwezi wa Julai, chukua watoto uende bustani ya Jackson Park, ambako madijei wa Chosen Few wamekuwa wakiandaa pikiniki tangu mwaka wa 1990. Utaona nyanya, mama na wajukuu wakicheza pamoja huku nyama ikichomwa.

Tulimalizia safari yetu Stony Island Arts Bank, nambari 6760, Barabara ya South Stony Island. Ni benki iliyojengwa mwaka wa 1923, ikafungwa, ikabaki gofu linalovuja, hadi msanii Theaster Gates alipoinunua kwa dola moja akaifufua mwaka wa 2015. Humo ndimo zinamotunzwa santuri za Frankie Knuckles mwenyewe. Kabla ya kwenda, ulizia kwanza siku na saa zinazofunguliwa. Zinatunzwa kama vitabu vya maktaba. Binamu alipozungumza humo, alinong'ona kama mtu aliye kanisani.

Hapo ndipo nilipoutoa ujumbe. "Mzee anauliza kama hizi sahani zinaliwa."

Hakukasirika. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na zake bado ziko kwenye kabati?"

Ziko. Watoto wote wa ukoo wetu wanalijua kabati hilo: santuri za Daudi Kabaka na Fadhili William ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Binamu alikiri kwamba akiwa darasa la tano alikuwa akiiba ufunguo mzee akienda shambani, akacheza moja moja na kuzirudisha kabla ya jioni. Hakuwahi kukamatwa. Udijei alijifunzia hapo.

Siku ya kuondoka alinipa santuri moja nimpelekee babake. Ni "Can You Feel It" ya Larry Heard, aliyejiita Mr. Fingers, ya mwaka wa 1986. Alichagua nakala isiyoimbwa, kinanda na ngoma tu, taratibu kama mtu anayetembea usiku akiwaza. Alisema haina maneno, kwa hiyo mzee hatapata neno la kulaumu.

Niliifikisha. Mjomba aliigeuza pande zote mbili, akauliza aliyeipiga ni mtoto wa nani. Sijui kama ameisikiliza. Ninalojua ni kwamba aliiweka kabatini, katikati ya Daudi Kabaka na Fadhili William, akafunga, na ufunguo akautia mfukoni.