Nani Huwasha Taa za Mshtarii?

Mhariri aliponiomba makala alidhani nitaandika juu ya mapenzi ama chakula cha bwenini. Nikamwambia naandika fizikia. Akaguna. Mwanachama mmoja akaropoka, "Hayo wapelekee wa gazeti la Kiingereza!" Wallahi nilichomeka roho. Kwani Kiswahili kiliumbwa kwa ajili ya ngonjera tu? Basi keti nikusimulie.

Jua letu halitoi mwanga na joto peke yake. Hupuliza pia upepo, si huu wa kupeperusha kanga, bali mkondo wa chembe ndogo mno, protoni na elektroni, ziendazo kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde. Ni kama kutoka Nairobi na kukaribia Mombasa kabla hujapiga chafya. Ukifika hapa duniani, upepo huo hukutana na uga wa sumaku unaotukinga kama ngao. Uga hutikisika, chembe zikasukumwa kuelekea kwenye ncha za dunia, zikaigonga hewa ya juu, nayo hewa ikang'aa kijani na wekundu. Nuru hiyo ndiyo aurora. Sisi wa ikweta tumenyimwa. Watu wa Norwe na Kanada ndio wanaojionea bure.

Sasa rafiki yangu wa dawati moja, mbishi kama jogoo, alishika msimamo wake: kama ni hivyo hapa, ni hivyo kote. Jua likipuliza, sayari zinawaka, kwisha! Tulibishana wiki nzima, hata kwenye foleni ya githeri. Mimi nilisema Mshtarii ina mambo yake.

Hebu fikiria. Mshtarii iko mbali na jua mara 5 kuliko sisi, kwa hivyo upepo unaoifikia umekonda zaidi ya mara 25. Lakini aurora zake ndizo kali kuliko zote katika sayari zetu, na hazizimiki usiku wala mchana. Nguvu zatoka wapi? Mshtarii ina mwezi mmoja uitwao Io, umejaa volkeno. Chombo cha Voyager 1 kilizifuma zikilipuka mwaka 1979. Kutoka Io gesi ya salfa, kiasi cha tani moja hivi kila sekunde, hunaswa na uga wa sumaku wa Mshtarii. Sayari yenyewe, kubwa vile, hujizungusha mara moja kwa muda usiotimia saa 10. Ikizunguka huiburura gesi ile, na katika vuta nikuvute hiyo huzaliwa umeme unaoteremka hadi nchani na kuwasha taa. Hata Io huacha doa lake la nuru juu ya Mshtarii, likiufuata mwezi huo popote uendapo. Yaani jenereta iko nyumbani, haingoji nyaya za jua!

"Kwa hivyo jua halina kazi?" rafiki akauliza, akidhani kanibana. Lina kazi. Oktoba 2011 dhoruba ya jua ilipoifikia Mshtarii, darubini ya Chandra iliona aurora yake ya miali ya eksirei iking'aa mara 8 kuliko kawaida. Moto ni wa Mshtarii. Jua huja kuuchochea.

Zohali nayo ilimpa rafiki yangu alama kadhaa, nami nikazihesabu kwa haki. Januari 2004 chombo cha Cassini kilikuwa njiani kuiendea, kikiupima upepo wa jua, huku darubini ya Hubble ikipiga picha za ncha ya kusini ya sayari hiyo. Dhoruba ilipogonga, aurora iliwaka sana na duara lake likasinyaa. Kule upepo una sauti kubwa.

Lakini inayonimaliza mimi ni Uranusi. Hiyo haina adabu kabisa! Imelala ubavu, na mhimili wake wa sumaku umeachana na mhimili wa kujizungusha kwa digrii 59 hivi. Kila ikigeuka, upepo wa jua hukuta mlango uko mahali pengine. Septemba 2011 jua lililipuka kwa nguvu. Wataalamu wakapiga hesabu dhoruba itafika Uranusi lini, wakaitega Hubble mwezi Novemba. Na kweli, vidoa vya nuru vikaonekana, vya dakika chache tu. Kumtega samaki ambaye atapita baada ya miezi miwili, si mchezo!

"Na hiyo itatuletea ugali?" rafiki akadakia. Nikamjibu kwamba Uranusi haina ardhi ngumu ya kutia alama, basi siku yake utaipimaje? Kwa kuzifuata aurora hizo toka 2011 hadi 2022, wataalamu waliipata: saa 17, dakika 14 na sekunde 52. Walitangaza mwaka 2025. Ni sekunde 28 zaidi ya kipimo cha Voyager 2 cha mwaka 1986.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza habari za Neptuni. Darubini ya James Webb iliipiga picha mwaka 2023, zikatangazwa Machi 2025, na aurora yake haiko nchani bali imeteremka kule ambako kwenye dunia yetu pangekuwa Amerika ya Kusini. Ni nani aliyeiwasha? Hapo bado tunabishana, na githeri inapoa.