Mikanda Myeusi ya Habaryar

Mvua za mwishoni mwa mwaka 2006 ziliifungia Sangailu, kwetu Ijara. Udongo wetu mweusi ukishalowa, lori halipiti, na lori lisipopita hakuna kitambaa kipya kutoka Garissa. Kabla maji hayajakauka ukaingia ugonjwa ambao wafugaji wetu wa Kisomali huuita sandik na madaktari huuita homa ya Bonde la Ufa. Mbuzi na kondoo waliharibu mimba, ng'ombe wakafa, na watu nao wakafa: hadi ulipotulia mwaka 2007, ulikuwa umeua zaidi ya watu 150 nchini Kenya. Kuhamisha na kuchinja mifugo kulipigwa marufuku, masoko ya mifugo yakafungwa. Kwetu pesa hutoka kwa ng'ombe. Nani angeshona dera?

Habaryar, mdogo wake mama, alikuwa fundi wa cherehani ya mkono. Wateja walipokatika, alishusha gunia la mabaki aliyoyalimbikiza kwa miaka: vipande vya dera na leso, ncha za macawis, vikoi vya wanaume, na vitambaa vyeusi vilivyobaki kwenye mabuibui. "Haya tutayala," aliniambia, akicheka. Alikusudia kushona mashuka ya kitanda: miraba ya rangi, na kati yake mikanda myeusi.

Mimi nilikuwa msichana wa duksi, chuo cha Kurani, asubuhi na wa mkasi mchana. Nilidhani kazi ngumu itakuwa kuchagua rangi. Rangi zilipangwa kwenye mkeka kwa muda wa kuchemsha chai. Kilichokula siku zetu ni kunyoosha mishono.

Yeyote aliyewahi kuunganisha miraba anajua inavyokuwa. Safu ya kwanza inatoka imenyooka, na ya pili nayo imenyooka. Ukiziunganisha kwa mkanda mrefu, mraba wa juu hautazamani na wa chini. Mikanda mifupi inapishana, na shuka zima linakaa upande kama shehena iliyofungwa vibaya mgongoni mwa ngamia. Majirani waliojaribu nyumbani kwao walilaumu macho yao. Habaryar alikataa. Alisema mkanda mrefu ni mweusi mtupu, hauna alama, kwa hiyo ukishaushonea safu moja huoni tena mishono ya safu hiyo iko wapi.

Dawa yake ilikuwa kuupima mkanda kabla haujagusa mraba wowote. Miraba tuliikata inchi 9 na mikanda inchi 2 na nusu, mshono ukila robo inchi kila upande. Baada ya kushona, mraba hubaki inchi 8 na nusu na mkanda inchi 2. Basi safu ya miraba mitano na mikanda minne kati yake ilitaka mkanda mrefu wa inchi 51, pamoja na robo ya kila ncha. Nilipewa chaki nyeupe. Niliacha robo inchi ya mwanzo, nikapima 8 na nusu, alama, 2, alama, 8 na nusu, alama, hadi mwisho, kwenye kingo zote mbili za mkanda. Kila mshono wa safu ulipaswa kukaa juu ya alama yake, safu ya juu na ya chini vilevile.

Halafu tulipiga bandi. Tulianza kwenye ncha zote mbili, tukaja katikati, kisha kwenye kila alama. Safu ikizidi mkanda kidogo, ziada iligawanywa kati ya alama na alama. Haikusukumwa hadi mwisho ikatwe. Dera ni jepesi na huteleza, ilhali leso ya pamba hutulia. Habaryar aliweka upande uliozidi chini, kwa sababu meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini na kumeza ulegevu wake. Mishono ililazwa kwa pasi ya makaa, yote kuelekea kwenye mweusi, ili isionekane ndani ya rangi nyepesi za dera.

Wanawake wazee waliokuja kutazama hawakushangaa. Walikuwa wamefunga mikeka ya herio kwenye aqal, nyumba zetu za kuhamahama, maisha yao yote, wakianza chini na kupanda, mkeka wa juu ukiulalia wa chini ili mvua iteremke nje. Walijua kwamba kosa dogo la chini hukua linapopanda. Mmoja wao alipitisha kidole kwenye mkanda kutoka ncha hadi ncha, akasema, "Huyu amepima."

Marufuku ilipoondolewa, wateja wa dera walirudi. Mashuka yaliendelea kuagizwa, hasa na akina mama wenye mabinti wa kuoza, na Habaryar aliyauza kwa bei ya juu kuliko dera. Wapo waliomwambia kwamba viraka ni alama ya shida. Alikubali kwamba shida ndiyo iliyomfungulia gunia, lakini bei aliiweka kwa kunyooka kwa mishono.

Nawe uliye na gunia la mabaki nyumbani, usilitupe. Kata miraba sawasawa, pima mkanda, tia alama kingo zote mbili, piga bandi, ndipo uzungushe gurudumu. Usilinganishe mraba na mraba mwenzake. Kila mmoja ulinganishe na mkanda.