Kitu Kizito Hakisimamishwi kwa Nusu Tofali

Ndugu msomaji, wewe uliye na pikipiki ndani ya nyumba, au friji ya zamani, hata magunia ya unga yaliyopangwa mpaka juu, nakuomba usome habari hii mpaka mwisho. Ni habari ya aibu yangu mwenyewe. Nimekubali kuiandika kwa sababu watoto wako wanacheza karibu na vitu vizito, kama vile wangu.

Kwetu Likasi, kule Kikula, baba yangu ana pikipiki moja kubwa ya BMW, ile wanaita R 80 G/S. Aliinunua kwa bwana mmoja aliyekuwa anarudi Ulaya. Aina ile ilitengenezwa tangu mwaka wa 1980 mpaka 1987, na ikijazwa esanse inapita kilo 180. Si kama pikipiki za taxi unazoziona barabarani. Baba alipopata pansio hakuiendesha tena sana, lakini kuiuza alikataa. Basi kila mwaka wakati wa mvua tunaiingiza ndani ya depo nyuma ya nyumba, na inakaa humo tangu Novemba mpaka Aprili.

Mwisho wa mwaka 2018 tuliiingiza kama desturi. Baba akatazama chini, akaniambia: “Mwana, hapa chini ni udongo tu. Utafute kale ya kweli.”

Watu wa mine wanajua neno hili. Kale ndiyo kile kitu wanachotia chini ya gurudumu la kamyo ili lisitembee. Mimi nilijibu haraka: “Baba, tofali iko. Inatosha.” Nikachukua nusu tofali, nikaisukuma chini ya mguu mmoja wa stendi. Nyingine nikaitia mbele ya gurudumu. Nikafunga mlango, nikaenda kula bukari.

Januari mvua ilinyesha siku nyingi. Maji yakapita chini ya ukuta wa depo, udongo ukalainika, wala mimi sikwenda kuangalia. Asubuhi moja mwana wangu, aliyekuwa na miaka sita, aliingia humo kutafuta mayai ya kuku. Kuku alitagia nyuma ya pikipiki. Mtoto akashika kiti ili apite. Ile nusu tofali ikapasuka, mguu wa stendi ukazama, pikipiki ikaanguka juu yake.

Sitaeleza kilio kile. Mguu ulivunjika chini ya goti. Ungeweza kusagika kabisa, lakini injini ya pikipiki ile ina masilinda mawili yanayotokea pembeni, moja kushoto, moja kuume. Silinda ya upande ule iligonga chini kwanza, ikazuia chuma chote kisilale. Ile nafasi ndogo ndiyo ilimwokoa. Alivaa plastre wiki sita.

Niliporudi kutoka hospitali, mama aliniangalia akasema neno moja tu: “Tofali iko. Inatosha.” Baba hakusema kitu siku tatu. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Siku ya ine aliniita pa barza. “Ku garaje tulikuwa tunatia kale mbele na nyuma ya gurudumu. Juu ya nini? Juu kamyo inaweza kwenda mbele, inaweza kurudi nyuma. Pembeni haianguki bule, iko na magurudumu mingi. Pikipiki iko na mawili tu. Yee inaanguka pembeni. Sasa ile tofali yako mbele ya gurudumu ilikuwa nazuia nini?”

Sikuwa na jibu. Ndugu msomaji, hapo ndipo nilifahamu kosa langu. Sikukosa pesa. Nilikosa kuuliza: kitu hiki kinaweza kuanguka upande gani? Mtu asipouliza hivyo kwanza, atanunua kitu cha kuzuia pasipo hatari, na penye hatari ataacha wazi.

Tukaanza kutafuta pamoja, baba na mimi. Nakueleza tuliyoyaona, labda yatakusaidia.

Ya kwanza ni kale ya mbao, ile ya pembe tatu. Bei yake ni ndogo, hata wewe mwenyewe unaweza kuikata. Inazuia gurudumu lisitembee, basi. Pikipiki inabaki juu ya stendi yake, na kama chini ni udongo, stendi itazama. Tena mbao za masanduku zinapendwa sana na mchwa. Unaweza kuiona nzima kwa nje, kumbe ndani ni unga.

Ya pili ni ile ya chuma yenye kibembeo, ambayo wanaleta kutoka inchi za mbali. Hiyo ni akili kweli. Unasukuma pikipiki, gurudumu la mbele linapanda juu ya kibembeo. Uzito wenyewe unakiinamisha mbele, na sehemu yake ya nyuma inainuka na kulishika gurudumu kwa nyuma. Pembeni vyuma viwili vinalishika. Pikipiki inasimama wima, na unaweza kuachilia mikono ili uifunge vizuri. Ile tuliyoonyeshwa ilikuwa nzuri, tena nguvu. Mimi nilitaka kulipa mara moja.

Baba akatoa metre mfukoni. Gurudumu la mbele la pikipiki yetu ni jembamba: mpira ni 3.00-21, maana yake upana inchi tatu, karibu milimita 76, juu ya janta ya inchi 21. Ile kale ilitengenezwa kwa mpira mnene. Gurudumu letu lingecheza ndani yake kama mguu wa mtoto katika kiatu cha baba. Akasema: “Kale ya mtu mwingine.” Tukatoka.

Ya tatu ndiyo tuliyochagua. Tulikwenda kwa fundi mmoja wa kusude, tukamchukulia vipimo vyote: upana wa mpira, urefu wa gurudumu, na uzito. Akatufanyia ile ya kibembeo kwa tiyo za chuma, na pembeni vyuma vilivyopanda vya kutosha. Vyuma vifupi vinashika gurudumu hapa chini tu, na pikipiki inazidi kuyumba juu. Miguu yake akaipanua sana, na akatoboa matundu mane ya buloni.

Lakini kale nzuri juu ya udongo ni kazi bure. Tulimwaga beto ndani ya depo, sentimita kumi, juu kidogo kuliko kiwanja ili maji yasiingie. Mimi nilitaka kuiingiza pikipiki wiki ile ile. Baba akakataa. Beto inaonekana ngumu upesi, lakini wajenzi wanahesabu siku 28 kabla ya kuitegemea. Tukangoja. Halafu tukafunga buloni, tukaingiza pikipiki tukiwa watu wawili, mmoja kwa usukani, mmoja nyuma. Tukafunga kamba mbili pana, kushoto na kuume, mpaka kwa pete tulizotia ndani ya beto. Hatukuzikaza sana.

Kisha baba akaisukuma kwa kiuno, upande huu na upande ule, kwa nguvu yake yote ya uzee. Haikutikisika. Akasema, “Njo vile.”

Na wewe unayeweka pikipiki ndani, ongeza haya machache: usiwashe mbabula karibu nayo kamwe, kwa sababu mvuke wa esanse unashika moto. Jaza upepo katika mipira, tena uangalie kila mwezi. Na mlango uwe na kufuli, na ufunguo ukae juu, watoto wasiufikie.

Vijana, ninyi hasa nawaambia. Mzee akikuambia utafute kitu cha kweli, usimjibu “inatosha” kabla hujainama kutazama chini. Mimi nilikuwa na haraka ya kula. Mwana wangu alilipa haraka yangu kwa wiki sita.

Leo mguu wake umepona, anakimbia kuliko wenzake. Na kila Jumamosi jioni baba anamshika mkono, wanafungua depo pamoja. Mtoto anainama, anagusa buloni zote ine, mmoja mmoja. Baba anauliza: “Kale iko?”

“Iko, kambo.”

“Umegusa, ao umeona tu?”

“Nimegusa.”

Ndipo wanafunga mlango. Je, kwako, ni nani amegusa?